Sifa ya Watazama Ndege

Kati ya sanaa ambazo watu huzishika kwa mapenzi matupu, bila ya ujira wala cheo, iko moja ambayo aghalabu huchekwa na wasioijua, nayo ni sanaa ya kusimama kando ya kiwanja cha ndege, darubini shingoni na daftari mkononi, kuzitazama eropleni za watu wengine zikitua na kuruka, na kuziandika moja baada ya moja kwa nambari zake. Mpita njia humdhania mtu huyo kuwa hana kazi. Askari wa zamu humdhania kuwa anayo kazi asiyotaka kuitaja. Na jamaa zake, wakiulizwa aliko, hujibu kwa haya kidogo. Nia yangu ni kumtetea, na baada ya kumtetea kumsifu, kwa kuwa naamini kwamba katika zama hizi, ambamo vitu huundwa kwa maelfu na kutazamwa kwa jumla pasipo kutofautishwa, mtu awezaye kusema kwa yakini kwamba chombo hiki ndicho kile kilichopita hapa mwaka juzi, kikiwa na rangi nyingine na bwana mwingine, amehifadhi elimu ambayo wenye mali wenyewe mara nyingi huipoteza.

Sanaa hii haikuzaliwa katika starehe. Wakati wa vita vikuu vya pili Uingereza ilikuwa na kikosi cha raia wa kulinda anga, ambao zamu zao za mchana na usiku zilipita juu ya vilima na kando ya bahari, wakiitambua kila ndege ipitayo, ya kwao au ya adui, kwa umbo lake na mvumo wake, na kupeleka habari kwa simu; kikosi hicho kilipewa heshima ya kuitwa cha kifalme mwaka 1941, na mwaka huo huo likatoka gazeti la kuwafunza watu kuzijua ndege kwa vivuli vyake. Kosa moja la macho lingeweza kumwua rubani wa upande wao. Vita vilipokwisha, macho yaliyofundishwa kwa hofu yaliendelea kutazama kwa furaha, na vijana wakaanza kujaa katika vibaraza vya wageni vya Heathrow na Manchester, wakiandika mambo ambayo hakuna aliyewatuma kuyaandika.

Mwanafunzi wa sanaa hii huanza na maumbo. Hujifunza kwamba makasha ya injini za Boeing 737 yamebapa upande wa chini, kwa sababu ndege yenyewe iliumbwa ikae karibu na ardhi, na injini za miaka ya baadaye zilikuja nene kupita nafasi iliyokuwapo. Kwamba Boeing 787 ina meno meno nyuma ya makasha hayo, yaliyokatwa hivyo ili kupunguza kelele. Kwamba Airbus A350 imezungushiwa weusi katika madirisha ya marubani. Kwamba Dash 8 Q400 ni ndefu na nyembamba, mabawa yake yako juu, rafadha zake zina mapanga sita, na miguu yake hushuka kutoka chini ya injini. Hayo ni alifu na be, na mtoto mwenye bidii huyamaliza katika likizo moja.

Baada ya maumbo huja upepo. Kiwanja cha Kisauni, Unguja, kina njia moja iliyolala kaskazini kwa kusini, na ncha zake zimeandikwa kwa rangi nyeupe 36 na 18, maana yake nyuzi 360 na 180 za dira zilizoondolewa tarakimu ya mwisho. Ndege hupenda kutua na kuruka ikiukabili upepo. Basi kusi likivuma aghalabu huja kwa upande wa mjini, ikapita juu ya mabati na minazi pua yake ikielekea kusini, na kaskazi likishika huzunguka ikaja kwa upande wa pili. Nahodha wa jahazi pale Malindi na mtazama ndege wa Kisauni huianza siku kwa swali moja, upepo watoka wapi, na ajuaye jibu hujua pa kusimama, jua litakuwa nyuma yake au machoni pake, na picha yake itafaa au haitafaa.

Niliwahi kutazama hapo, alasiri moja ya kusi, Cessna Caravan ikitua. Gurudumu la kushoto liligusa kwanza, moshi mdogo wa mpira ukapeperuka, kisha likagusa la kulia, kisha la pua. Rafadha ikanguruma kinyume ili kuipunguza mbio. Na mara iliposimama mbele ya jengo, mlango wa nyuma ulifunguliwa, ngazi ikashuka, abiria wakatoka wameinama, na kijana mwenye kizibao cha kung'aa alikuwa amekwisha kufika na mkokoteni wa mizigo. Abiria wengine walikuwa wamesimama mstarini tayari. Wakaingia, mlango ukafungwa, na ndege ikageuza pua. Mzee mmoja aliyekuwa kando yangu, ambaye daftari lake lilifunikwa kwa karatasi ya gazeti, aliandika 5H na herufi tatu, saa ya kutua na saa ya kuruka. "Ya nne hii tangu asubuhi, mwanangu," aliniambia bila ya kuinua macho. "Hawa biashara wanaijua."

Kauli ya mzee yule ina elimu kubwa ndani yake, kwa maana mpenzi wa ndege, aliyekuja kwa ajili ya macho yake, haukawii wakati hujikuta amekuwa mwanafunzi wa hesabu. Ndege iliyosimama haichumi kitu, na huku deni lake, bima yake na mshahara wa rubani wake havisimami pamoja nayo. Shirika la Southwest la Texas, lililoanza kuruka mwaka 1971, lililazimika mwaka uliofuata kuuza moja ya ndege zake nne, na badala ya kupunguza safari likazipa tatu zilizobaki kazi ya ile ya nne, kwa kuamuru kwamba kila ndege ikitua ipakuliwe, ipakiwe na kuruka tena katika dakika 10. Mashirika mengi ya nauli rahisi yaliyokuja baadaye, Ulaya na Asia, yamejengwa juu ya dakika hizo. Mtu mwenye saa na daftari kando ya uzio huzipima dakika hizo bila ya kuomba ruhusa ya mhasibu yeyote.

Na kiti kilichoruka kitupu ni mali iliyokufa. Mchuuzi wa samaki pale Feri, Dar es Salaam, hujua kwamba changu asiyeuzwa asubuhi atauzwa adhuhuri kwa nusu ya bei, na jioni kwa bei ya paka. Mwuza tikiti yu katika dhiki kubwa zaidi, kwani mlango wa ndege ukiisha kufungwa hata hiyo bei ya paka haipo. Kwa hiyo shirika huviuza viti vya kwanza kwa bei nafuu ili ndege isiruke tupu, na huvificha vichache vya mwisho kwa bei kali, likimngoja mfanyabiashara ambaye hana budi kusafiri kesho. Na abiria wawili waliokaa bega kwa bega, wakithubutu kuulizana nauli, mmoja wao hakosi kukasirika. Mafuta peke yake hula kati ya robo na theluthi ya gharama zote. Kwa makadirio ya Chama cha Kimataifa cha Usafiri wa Anga ya mwaka 2024, mashirika ya dunia yalibakiwa na faida safi ya takriban dola 6 kwa kila abiria, na yale ya Afrika kama dola 1 hivi, kiasi ambacho hakimnunulii abiria huyo kikombe cha kahawa katika ukumbi anaosubiria. Ajabu kwangu ni kwamba kila mwaka hupatikana watu wapya wa kuanzisha mashirika mapya.

Lakini moyo wa sanaa hii uko katika nambari. Kila ndege ya kiraia duniani imeandikwa katika daftari la nchi moja, na alama ya nchi hiyo hupakwa ubavuni mwake karibu na mkia: 5H kwa Tanzania, 5Y kwa Kenya, 5X kwa Uganda, 9Q kwa Kongo, 9U kwa Burundi, A4O kwa Omani, G kwa Uingereza, N kwa Marekani. Rangi hubadilika, jina la shirika hubadilika, bali nambari haibadiliki ila ndege ihame nchi au ihame daftari, na mwenye kuifuata nambari huifuata nasaba. Kabla ya mwaka 2022, kwa mfano, mtu aliyeziona ndege nyingi za Urusi aliona juu yake alama za Bermuda, kisiwa kidogo cha bahari ya Atlantiki, akajua papo hapo kwamba mwenye rangi si mwenye mali, na kwamba chombo kile kimekodishwa na watu walioiamini mahakama ya Bermuda kuliko ya Moscow.

Chukua G-ALYP. Tarehe 2 Mei 1952 ndege yenye nambari hiyo, de Havilland Comet ya shirika la BOAC, iliondoka London kwenda Johannesburg kwa safari ya kwanza duniani ya ratiba ya kuchukua abiria kwa ndege ya jeti, ikipita Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Enzi ya jeti, basi, ilitia mguu kando ya ziwa Nyanza kabla haijafika New York, na waliosimama Entebbe siku hizo kuitazama, wakulima, makarani na watoto, walitangulia katika jambo ambalo miji mikubwa ya dunia ilikuwa bado kulishuhudia. Asiyeandika nambari angesema tu kwamba aliiona Comet. Aliyeiandika alipata khabari nzito zaidi, kwa kuwa tarehe 10 Januari 1954 G-ALYP hiyo hiyo, ikitoka Rome, ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba na kuzama pamoja na watu wote waliokuwamo. Na ilipofuatwa na dada yake G-ALYY mwezi wa Aprili, karibu na Naples, Comet zote zilizuiwa kuruka. Dada mwingine, G-ALYU, alitiwa katika hodhi kubwa la maji huko Farnborough, akajazwa na kupunguzwa shinikizo mara kwa mara, mpaka bati la kiwiliwili likachanika na ulimwengu ukajifunza jinsi madini yanavyochoka. Herufi moja ya mwisho ndiyo inayomtenga aliyeanguka na aliyetoa ushahidi.

Mfano ulio karibu zaidi na nyoyo zetu ni ule wa VC10, na juu yake nitakaa kidogo, kwa sababu ndani yake sanaa ya macho na elimu ya mizani ya fedha hukutana. Katika miaka ya mwisho ya 1950 BOAC lilitaka jeti ya safari ndefu itakayoweza kuruka na mzigo wa kutosha kutoka viwanja vya joto na vya miinuko, kama Kano, Johannesburg na Nairobi. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa yake nyepesi huyanyima mabawa kitu cha kuegemea na huinyima injini kitu cha kuvuta, na jua la adhuhuri huizidishia hewa hiyo wepesi, hata ndege ambayo pwani ingepaa kwa mbio fupi, huko juu hulazimika kupata njia ndefu mno au kuwaacha baadhi ya abiria wake. Wahandisi wa Vickers walijibu kwa kuziondoa injini zote nne katika mabawa na kuzifunga nyuma, mbili kila upande wa kiwiliwili, ili mabawa yabaki safi na yapate kuvaa vifaa vya kuinyanyua ndege kwa urefu wake wote. Kikatoka chombo chenye shingo ndefu na mkia uliosimama juu sana, kimya kwa waliokaa mbele, chepesi kuondoka ardhini, na kwa macho yangu hakijapata kuundwa kizuri kuliko hicho.

Lakini wahandisi walipokuwa wakiihangaikia njia fupi, wenye viwanja walikuwa wakizirefusha njia zenyewe kwa saruji na lami. Na Boeing 707 ya Marekani, ambayo haikubeba uzito wa majibu hayo yote, ikaweza kufika huko huko kwa gharama ndogo zaidi kwa kila kiti. Mwenyekiti mpya wa BOAC, Sir Giles Guthrie, alipoingia kazini mwaka 1964, alitaka VC10 zilizoagizwa zifutwe na 707 zinunuliwe badala yake. Abiria walizipenda VC10 na kuzijaza, wahasibu walizichukia, na katika shauri la namna hiyo wahasibu hushinda. Zikaundwa 54 tu, na huku 707 zikipita 800. Wako wanaoiita VC10 kosa. Mimi siwafuati. Wahandisi walijibu sawasawa swali waliloulizwa, na aliyekosa ni yule aliyeuliza kana kwamba Nairobi haitamwaga zege wakati yeye akichora. Kosa hilo lilirudiwa na watu wenye akili zaidi na fedha zaidi, walipounda Airbus A380 kwa ajili ya dunia ya viwanja vichache vilivyosongamana: ilianza kazi mwaka 2007, ikaachwa kuundwa mwaka 2021 baada ya ndege 251, ambazo karibu nusu yake zilichukuliwa na Emirates peke yake, na ile ya kwanza kubeba abiria, ya Singapore Airlines, ilikatwa vipande huko Tarbes, Ufaransa, baada ya kazi ya miaka kumi, kwa kuwa sehemu zake mbalimbali zilikuwa na wanunuzi na yeye mzima hakuwa naye.

Sasa turudi Afrika Mashariki. Shirika la East African Airways, lililoundwa mwaka 1946 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, lilinunua Super VC10 5, ya kwanza ikifika mwaka 1966, zikawa zinakwenda London, Rome na Bombay. Rangi zake ubavuni zilikuwa moja, mhandisi alikuwa mmoja, deni lilikuwa moja, ila karibu na mkia kila ndege ilikuwa na uraia wake: 5X-UVA na 5X-UVJ za Uganda, 5H-MMT na 5H-MOG za Tanzania, na 5Y-ADA ya Kenya. Mtazamaji aliyesimama kiwanja cha Embakasi, Nairobi, alasiri moja na kuona alama tatu katika mikia mitatu chini ya jina moja, aliuona umoja wetu na ufa wake kwa pamoja, bila ya kuhudhuria mkutano wowote wa mawaziri.

5X-UVA haikuudiriki mwisho wa umoja huo. Tarehe 18 Aprili 1972, ikishika mbio za kuruka Addis Ababa, gurudumu la pua lilipasuka juu ya kipande cha chuma kilichoachwa njiani; rubani akakatisha mbio, breki hazikutosha, ndege ikapita mwisho wa njia na kuwaka moto. Kati ya watu 107 waliokuwamo, 43 walikufa. Baada ya hapo ukaja ugomvi wa madeni na michango, na mwanzoni mwa 1977 East African Airways ikasimama. Kenya Airways na Air Tanzania zikazaliwa mwaka huo huo, kila moja ikianza na vichache ilivyoweza kuvipata.

Je, zile Super VC10 4 zilizobaki? Vitabu vyetu vya tarehe haviziulizi. Watazama ndege wa Uingereza waliziuliza. Walizipokea ziliporudi kwa waliozitengeneza, wakaziandika zilipokaa, na jeshi la anga la Uingereza lilipozinunua, likang'oa viti, likatia matangi na kuzifanya ndege za kuwapa wenzake mafuta angani, watazamaji walihamisha kila nambari ya kale mbele ya nambari mpya, ili mwana asipotee: 5H-MMT ikawa ZA147, 5Y-ADA ikawa ZA148, 5X-UVJ ikawa ZA149, na 5H-MOG ikawa ZA150. Zilipakwa rangi ya kijeshi, zikafanya kazi miaka mingi, na marubani waliozirusha wengi wao walikuwa bado kuzaliwa zilipokuwa zikipaa Nairobi. Tarehe 24 Septemba 2013 ZA150 ilitua Dunsfold, katika jimbo la Surrey, ikahifadhiwa. Na siku ya pili yake ZA147 ikaruka safari ya mwisho kabisa ya VC10 yoyote duniani. Na ile ZA150 ndiyo VC10 iliyotoka kiwandani mwisho wa zote, mwaka 1970. Ya mwisho kuundwa na ya mwisho kuruka, zote mbili zilipewa nambari zake za kwanza katika daftari la Tanzania. Naliandika jambo hili kwa shukrani kwa watu walioshinda mvuani wakiziandika nambari hizo, ambao wengi wao sidhani kama walipata kufika Dar es Salaam. Katika jimbo hilo hilo la Surrey, katika makumbusho ya Brooklands, iko pia A4O-AB, VC10 iliyokuwa ya safari za Sultani Qaboos wa Omani, na wazee wa Maskati wanaoikumbuka wangali hai.

Mtu anayeandika asichotumwa huwatia wenye mamlaka wasiwasi. Mwezi wa Novemba 2001 wapenzi wa ndege 12 kutoka Uingereza na 2 kutoka Uholanzi walikamatwa Kalamata, Ugiriki, baada ya maonyesho ya ndege ya jeshi, kwa tuhuma ya ujasusi; mwezi wa Aprili uliofuata wanane wao walihukumiwa vifungo vya miaka 3 na sita vya mwaka 1, na mahakimu hawakuweza kuamini kwamba mtu mwenye akili timamu aweza kusafiri mbali hivyo kwa ajili ya nambari. Rufani yao ilisikilizwa Novemba 2002, na wote wakaachiliwa. Siwalaumu Wagiriki kwa kuuliza. Nawalaumu kwa kutokusikia jibu. Na katika miaka hiyo hiyo sanaa hii ilitoa huduma ambayo hakuna aliyeitarajia: ndege moja ndogo ya Gulfstream, N379P, ilikuwa ikionekana Shannon, Palma de Mallorca na kwingineko, ikapigwa picha na watu ambao hawakuwa na neno nayo zaidi ya kuikusanya, na picha na daftari hizo ziliwasaidia waandishi wa magazeti, na baadaye wachunguzi wa Baraza la Ulaya, kuzifuata nyayo za mahabusi waliochukuliwa kwa siri na majasusi wa Marekani. Kwa hiyo wale wanaoona kuwa kuandika nambari ni mchezo wa watoto wana hoja ya kujibu.

Siku hizi simu ya mkononi humwambia mtu jina, nambari, kimo na mwendo wa ndege iliyo juu ya kichwa chake, kwa sababu ndege zenyewe hutangaza habari hizo kwa redio. Naitumia na siikatai. Walakini simu haisemi kwamba ndege imekaa pembeni mwezi wa tatu sasa bila ya injini. Air Tanzania ilipopokea Airbus A220 mwezi wa Desemba 2018, ya kwanza katika Afrika, furaha ilikuwa ya haki. Na hitilafu za injini za aina ile ziliposimamisha A220 katika nchi nyingi, ya kwetu ikiwamo, mtu mwenye darubini aliyaona makasha matupu mapema, akafanya hesabu ya deni linaloendelea juu ya chombo kisichoruka, na akaielewa bei ya tikiti yake kuliko tangazo lolote lingeweza kumweleza.

Nawaomba basi wakuu wa viwanja vyetu, wa Dar es Salaam, Nairobi, Unguja, Mwanza na Entebbe, watenge kibaraza kwa ajili ya watu hawa, chenye kivuli na ada ndogo, na kanuni zilizobandikwa wazi za kipi kipigwe picha na kipi kisipigwe, ili kijana mwenye daftari asiwe kila mara akifukuzwa na askari ambaye hana amri ya maandishi mkononi. Na wewe msomaji, kama katika sanduku la marehemu babu au shangazi yako imo picha ya jamaa aliyesimama mbele ya eropleni, itazame kwa kioo cha kukuzia. Nambari ikisomeka, iandike nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi, pamoja na kiwanja na mwaka, na kama hujui mwaka, kaulize leo kwa aliye mkubwa kuliko wote nyumbani kwenu.